Mwanafunzi na Jembe la Siku ya Tatu

Kila mwaka, ifikapo miezi ya Oktoba na Novemba, pale Ipogolo, bondeni chini ya mji wa Iringa, huonekana jambo lile lile. Mabasi yatokayo Dar es Salaam na yale yatokayo Mbeya hushusha vijana, wa kiume na wa kike, wenye masanduku, ndoo na magodoro yaliyokunjwa. Hapo barabara kuu huachana na ile ipandayo mjini, na wenyeji huwatambua mara moja: wanachuo wamefika. Waendesha bodaboda huwakimbilia, madalali wa vyumba hupiga simu huku na huku, nao mama lishe huongeza unga sufuriani.

Zamani Iringa haukuwa mji wa vyuo vikuu. Wazee waujua kama mji wa soko, wa ofisi za mkoa na wa shule za sekondari. Chuo cha Walutheri, ambacho leo chaitwa Chuo Kikuu cha Iringa, kilianza katika miaka ya 1990. Mwaka 2005 mahali palipokuwa Shule ya Sekondari ya Mkwawa pakafanywa Chuo Kikuu Kishiriki cha Elimu, chini ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam; na mwaka huo huo kikaanzishwa chuo cha Ruaha, ambacho leo ni Chuo Kikuu Katoliki. Mabweni hayakuweza kuwatosha wote. Basi nyumba zikajengwa, vyumba vikagawanywa, na katika mitaa kama Kihesa na Mkimbizi, hata huku Ipogolo, familia nyingi sasa zaishi ukuta kwa ukuta na vijana ambao hazijui kwao wala ukoo wao.

Twapenda kuuliza swali moja juu ya jambo hili. Kijana huyu ni nani kwetu? Je, ni mteja, ni mgeni, au ni mwana wa nyumbani? Msomaji aweza kudhani kuwa ni swali la maneno tu. La, si la maneno. Maana jinsi tunavyomwita mtu ndani ya mioyo yetu, ndivyo tutakavyomtendea siku ya shida.

Wazee wetu walituachia methali mbili juu ya mgeni. Ya kwanza yasema: mgeni njoo, mwenyeji apone. Hii kila mtu wa Iringa aifahamu bila kufundishwa. Fedha za mwanachuo hulipa kodi ya chumba, huuza mkaa na mchele, hulisha mwenye mashine ya kunakili karatasi na fundi wa viatu. Vyuo vinapofungwa, hata muuza maandazi huona biashara imelala. Ya pili yasema: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Hii twaisikia mara nyingi, lakini twaielewa vibaya. Twadhani ni maneno ya mwenyeji mchovu atakaye mgeni wake aondoke. Sivyo. Mwenye kupewa jembe hafukuzwi; anapokelewa. Siku mbili amekula kwa hisani. Tangu siku ya tatu atakula kwa haki, kwa sababu mkono wake umo katika kazi ya nyumba ile. Asiyepewa jembe hata baada ya mwaka, huyo ndiye aliyeambiwa kwa kimya: wewe si wetu.

Mwanafunzi hukaa miaka mitatu au minne. Yeye si mgeni wa siku mbili. Je, jembe lake ni lipi, na nani amempa?

Wako wasemao kuwa jambo hili limekwisha kumalizwa na fedha. Mwenye nyumba ametoa chumba, mpangaji amelipa kodi ya miezi sita au ya mwaka mzima. Hakuna adaiye, hakuna adaiwaye. Hebu tuipime hesabu hiyo. Tuseme binti ametoka Mtwara, hajazoea baridi ya Iringa ya mwezi wa Juni. Homa yampata usiku. Mwenzake wa chumba yuko mbali kwa mafunzo ya kazi. Mwenye nyumba anakaa mji mwingine na kodi yake huipokea kwa simu. Mlango waamka umefungwa, na adhuhuri bado umefungwa, na kesho yake vile vile. Nani atagonga? Kodi imenunua kuta nne, bati na kitasa. Haikununua mtu wa kusema: mbona leo sijamwona yule binti? Kitu hicho hakiuzwi po pote, nacho ndicho kitakachookoa uhai wake.

Kwa hiyo twasema waziwazi kwa wenye nyumba: kuchukua kodi ni halali, lakini anayeichukua hajamaliza wajibu wake. Ajue jina la mpangaji wake, ajue kwao ni wapi na simu ya mzazi wake ni ipi. Ampeleke kwa mwenyekiti wa mtaa ajulikane. Asipandishe kodi katikati ya masomo kwa kuwa ameona kijana hana pa kukimbilia. Na mwanamume amwonaye binti wa mwenzake akiwa peke yake na mwenye njaa, akafanya njaa hiyo kuwa mtego, huyo hana jina zuri katika lugha yo yote, na jirani anayejua akanyamaza ashiriki aibu yake.

Lakini tusiwalaumu wenyeji peke yao. Nawe mwanafunzi, unaposema, “Hapa napita tu,” wajua unasema nini? Wapita kwa miaka mitatu juu ya uvumilivu wa watu. Muziki wako waunguruma hata jogoo wa kwanza, na nyuma ya ukuta wako yuko mama aamkaye saa kumi za usiku kukanda unga wa maandazi utakayokula wewe asubuhi. Taka zako zatupwa mtaroni, nawe hutakuwapo mvua itakapoyaleta maji mlangoni pa mwingine. Wapita kweli, lakini waachao alama njiani si magari peke yake.

Tena kuna daftari la mama lishe. Kila anayekaa karibu na chuo alijua daftari hilo. Fedha za mkopo wa serikali, ambazo wanafunzi wenyewe huziita “bumu”, zinapochelewa, mama huyu hawaachi na njaa. Huandika: wali maharage, ugali dagaa, jina na siku. Hana ofisi, hana wakili, hana dhamana ila uso wa kijana aliye mbele yake. Wengi hulipa, na twawasifu. Lakini wako wafanyao mtihani wa mwisho, wakabeba sanduku, wakashuka mlima hata Ipogolo, wakapanda basi, na majina yao yakabaki daftarini.

Hapa ndipo twaona kiini cha swali letu. Deni la Bodi ya Mikopo lina meno. Kwa sheria iliyorekebishwa mwaka 2016, mwajiri hukata asilimia 15 ya mshahara wa mdaiwa hata deni liishe. Deni la mama lishe halina meno. Hakuna sheria itakayomfuata kijana huyo Dodoma au Mwanza kwa ajili ya sahani kumi na mbili za wali. Basi tumpime mtu kwa deni lipi? Kulipa kwa kulazimishwa hata mkaidi hulipa. Uadilifu huonekana pale tu ambapo mdai hana nguvu ya kudai. Aliyesoma sheria, uchumi na ualimu kwa miaka mitatu, asilipe sahani ya wali kwa kuwa mwenyewe ni mnyonge, amefaulu mitihani yote isipokuwa huo mmoja.

Yuko atakayetujibu: “Mwacheni mwanafunzi asome. Jembe lake ni kitabu. Atalipa taifa akiisha kuhitimu.” Jibu hili lina ukweli ndani yake; mwanafunzi asiyesoma amemwibia baba yake aliyeuza ng'ombe. Walakini nchi yetu ilikwisha kulishughulikia neno hili la “baadaye” kwa uchungu mwingi. Mwezi wa Oktoba 1966 wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, pamoja na wenzao, waliandamana kupinga masharti ya kulitumikia Jeshi la Kujenga Taifa. Mwalimu Nyerere aliwarudisha makwao vijana 393, ingawa wengi waliruhusiwa kurudi baadaye. Na papo hapo akaupunguza mshahara wake mwenyewe. Watu hukumbuka zaidi lile la kwanza. Sisi twaona la pili lina fundisho lililo sawa na lile la kwanza: amwambiaye kijana ashike jembe, sharti naye awe na jembe mkononi. Tena twajifunza kuwa moyo wa kutumikia hauchipuki ghafla siku ya mahafali. Aliyezoea miaka mitatu kupokea bila kutoa, mwaka wa nne atatoa nini?

Wala tusidhani kuwa ujirani mbaya kati ya chuo na mji ni jambo dogo lijiponyalo lenyewe. Huko Oxford, Uingereza, Februari 1355, wanafunzi walilalamikia ubaya wa divai katika kilabu cha pombe. Maneno yakawa ngumi, ngumi zikawa pinde na mishale, na watu kwa makumi wakauawa, wanafunzi na wenyeji. Viongozi wa mji walitakiwa kufanya malipizi kila mwaka, na desturi hiyo ilidumu hata 1825. Divai ilikuwa kisingizio tu. Chuki ilikuwa imekwisha kukomaa, kwa kuwa kila upande ulijifunza kumwita mwenzake “wale”.

Kwetu Iringa hatujafika huko, na hatuna haja ya kufika. Majembe yako tele. Yataka kugawiwa tu. Mwanafunzi wa Mkwawa anayejiandaa kuwa mwalimu, je, hawezi kukaa saa moja kila Jumamosi na watoto wa nyumba anamopanga, wanaoshindwa hesabu? Anayesoma sheria hajawa wakili bado, lakini aweza kumsomea mjane barua asiyoielewa na kumwonyesha mahali pa kupata msaada wa kisheria. Mwenye sauti aingie kwaya ya mtaa. Mwenye nguvu ashike fagio siku ya usafi. Hata aliye na shughuli nyingi kuliko wote aweza kupunguza sauti ya redio yake na kuamkia wazee, “Shikamooni.” Na mwenyeji naye asingoje kijana ajitokeze. Mgeni hajichukulii jembe ghalani, hupewa.

Neno letu la mwisho ni kwenu wazazi, mlio Bukoba, Songea, Moshi au kisiwani Pemba, mliowapeleka watoto wenu katika miji msiyoijua. Kila mnapopiga simu mwauliza habari za masomo, za afya na za fedha. Mwafanya vema. Basi ongezeni maswali mawili: “Jirani yako anaitwa nani?” na “Kuna jina lako katika daftari la mtu?” Akiweza kujibu la kwanza bila kusita, na la pili bila kuinamisha uso, jueni kuwa mtoto wenu anakaa mahali pema, na mahali pale pana heri kwa kuwa naye.