Jina Lililo Chini ya Makala

Fundi mmoja wa umeme, mkazi wa Mbagala katika wilaya ya Temeke, ametuandikia barua yenye swali ambalo twaona si lake peke yake. Amefanya kazi ya kutandaza nyaya majumbani kwa zaidi ya miaka 20. Jarida moja la mafundi limemwomba aandike makala juu ya makosa ayaonayo katika nyumba zinazojengwa upesi pembezoni mwa jiji la Dar es Salaam. Mambo ya kusema anayo tele. Kalamu ndiyo haimtii. Basi kijana wake asomaye sekondari akamwonyesha katika simu namna ya kusema na mashine ile ambayo siku hizi huitwa akili mnemba. Fundi akaeleza kwa mdomo, kwa Kiswahili chake cha kazini, na kabla hajamaliza kikombe cha chai mashine ikamrudishia kurasa mbili zilizonyooka kama zimetungwa na mwalimu.

Sasa jarida limemletea masharti: kila mwandishi aliyetumia mashine hiyo hana budi kutangaza. Fundi atuuliza: "Bwana Mhariri, nikitangaza, makala yangu yatatupwa. Nikinyamaza, yatachapwa, na kila neno lililomo nalijua kuwa ni kweli. Je, nikinyamaza nimekosa?"

Swali hili lataka jibu la haki, wala si la haraka. Maseremala wa Keko, wachonga vinyago wa Mwenge, mafundi wa magari, washonaji wa Tandika, wote hao wana elimu ambayo haimo vitabuni. Elimu hiyo ikizikwa pamoja nao, hasara ni ya nchi nzima. Yapo majarida yanayojitahidi kuieneza elimu ya kazi, kama vile Mkulima Mbunifu, liandikwalo kwa Kiswahili kwa ajili ya wakulima wadogo. Nayo majarida ya namna hiyo yatofautiana na hadithi na mashairi kwa jambo moja kubwa: msomaji huyasoma akiwa na chombo mkononi. Akisoma kipimo cha dawa, hukipima. Akisoma rangi ya waya, huukata. Kosa lililochapwa leo laweza kuwa jeraha kesho.

Je, kusaidiwa kuandika ni kosa? Hata kidogo. Wazee wanawakumbuka makarani waliokaa karibu na posta na kuwaandikia barua watu wasiojua kusoma. Mzee alisema, karani akaandika, kisha karani akamsomea mzee maneno yote kabla ya kuifunga bahasha. Hakuna aliyesema kwamba barua ile ni ya karani. Sisi wahariri nasi tumezoea kunyoosha lugha ya watu watuleteao habari, na mwenye habari hakuhesabiwa kuwa mdanganyifu kwa sababu hiyo. Hata Mtume Paulo alikuwa na mwandishi wake. Waraka kwa Warumi uliandikwa kwa mkono wa Tertio, naye atajwa kwa jina lake katika sura ya mwisho ya waraka ule ule. Tena katika nyaraka nyingine Paulo alitia salamu kwa mkono wake mwenyewe, iwe alama ya kwamba maneno ni yake. Tuyaangalie mambo matatu yaliyomo humo: mwenye neno alisema lake, mwandishi hakufichwa, na mwisho mwenye neno akatia mkono wake.

Kwa hiyo hatukubaliani na wale watakao kuikataza mashine hii kabisa. Marufuku ya namna hiyo yatungwa kwa urahisi na watu waliosoma, ambao kalamu zao ni nyepesi. Humwumiza zaidi yule aliyetumia ujana wake juu ya ngazi na siyo darasani. Kama chombo hiki chaweza kumpa sauti fundi wa Mbagala, si haki kumnyang'anya.

Lakini tujiulize, jina lililo chini ya makala lina maana gani? Si pambo, wala si cheti cha kwamba mtu ajua kupanga sentensi. Jina ni ahadi. Mwandishi amwambia msomaji: "Mimi ndimi niliyeyaona haya. Ukiwa na shaka, niulize. Ukipata hasara kwa kosa langu, nidai." Mashine haiwezi kuitoa ahadi hiyo. Haina uso wa kuona haya, wala mlango wa kubishiwa hodi. Ndiyo sababu Nature, jarida la sayansi lisomwalo ulimwenguni kote, lilitangaza mnamo Januari 2023 kwamba mashine za namna hii hazitahesabiwa kuwa waandishi wa makala, maana mwandishi hana budi kuwajibika kwa kazi yake nayo mashine haiwajibiki.

Wala tusidhani kwamba udanganyifu wa jina umeletwa na mashine. Kwa miaka mingi vijana wasomi wa Nairobi na miji mingine ya Kenya waliandika insha kwa malipo, nao wanafunzi wa Marekani na Uingereza wakazitia majina yao na kupewa alama. Insha nyingi zilikuwa nzuri. Ubovu haukuwa katika maneno yake, ulikuwa katika jina lililotiwa juu yake. Mwaka 2022 Bunge la Uingereza lilipitisha sheria ya kuipiga marufuku biashara hiyo katika England. Kabla mwaka huo haujaisha mashine zikatokea, zikaanza kuifanya kazi ile ile kwa bei ndogo zaidi. Chombo kimebadilika, lakini kosa ni lile lile la kale: kumwambia mwenzako "hii ni kazi yangu" hali sivyo.

Hapa fundi wetu atatujibu kwamba yeye si kama wanafunzi wale. Jambo ni lake, na kila neno alijua. Twakubali kwamba jambo ni lake. Lakini tulitaka kuhakikisha hilo la kila neno. Tulimpigia simu, tukamwomba atusomee kurasa zile mbili polepole, kama mtu anayekagua kazi iliyofanywa na fundi mwingine. Ukurasa wa kwanza aliusoma bila taabu. Katikati ya ukurasa wa pili akanyamaza. Palikuwa pameandikwa kwamba waya mweusi ndio wenye moto, na kwamba swichi itiwe katika waya huo. Akasema, "Hili mimi sikulisema."

Hakulisema, wala asingelisema kamwe. Huko Marekani waya mweusi ndio wenye moto, katika umeme wa volti 120. Kwetu twafuata desturi ya Kiingereza na umeme wa volti 230. Katika nyumba zilizotandazwa nyaya kwa utaratibu wa zamani, mwekundu ndio wenye moto na mweusi ni nyutro. Katika utaratibu mpya, wa kahawia ndio wenye moto na wa buluu ni nyutro. Basi mtu akitia swichi katika nyutro, taa itazimika na mwenye nyumba ataona salama. Kumbe moto bado umo katika holda. Atakayepanda kiti kesho kubadilisha globu ndiye atakayelilipia kosa hilo, huenda kwa maisha yake. Na chini ya makala paliwekwa jina la fundi aliyefanya kazi miaka 20 bila kumwua mtu.

Imekuwaje? Mashine hii haijapata kuona waya hata mmoja. Imelishwa maandishi mengi mno, mengi kati yake ya Kiingereza na ya nchi za mbali, ikajifunza ni neno gani hufuata neno gani. Mahali isipojua haisiti kama mtu mwaminifu asitavyo. Hujaza pengo kwa sentensi nzuri, na sentensi ya uongo hutoka na uso ule ule wa sentensi ya kweli. Mnamo Mei 2025 gazeti la Chicago Sun-Times la Marekani lilichapa orodha ya vitabu 15 vya kusoma wakati wa kiangazi. Kumi kati yake havikuwapo duniani, ingawa viliandikiwa majina ya watunzi wanaojulikana. Mwandishi wa orodha alikiri kwamba aliitumia mashine na hakuhakikisha. Huko walipoteza heshima. Katika makala ya umeme ingepotea roho ya mtu.

Basi, kwa kuwa fundi ametuuliza, twapendekeza masharti manne kwa yeyote aandikaye katika jarida la kazi yake.

La kwanza, jambo liwe lako. Mashine yaweza kulipanga ulilolijua, lakini isikupe ujuzi usiokuwa nao. Mtu asiyepata kushika bisibisi asiiagize mashine imwandikie makala ya umeme, hata kama yatatoka mazuri.

La pili, msaada utajwe. Mstari mmoja watosha, kama Tertio alivyotoshelezwa na mstari mmoja. Mtu aandike: "Nimeeleza kwa mdomo, mashine imenisaidia kuyapanga maneno, nami nimeyakagua yote." Hapo msomaji ajua amsadiki nani, na kwa nini.

La tatu, kila tarakimu, kila jina, kila kipimo na kila rangi vikaguliwe na mwandishi mwenyewe, sentensi kwa sentensi, kabla ya kutia jina. Asitegemee kwamba mhariri atakamata kosa. Mhariri ajua nukta na mkato, hajui nyutro.

La nne, siri za watu zisimiminwe katika mashine. Fundi huingia vyumbani mwa watu. Ajua nyumba ipi haina mlinzi na mteja yupi hajalipa. Hayo si yake kuyatoa. Tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Hata kama isingekuwapo, dhamiri ingetuambia vile vile.

Masharti hayo manne ni ya mwandishi. Lipo la tano, nalo ni la wahariri, sisi tukiwamo. Fundi ameogopa kusema kweli kwa kuwa aamini kwamba msema kweli ataadhibiwa na mnyamavu atachapwa. Kama ndivyo tulivyo, basi kosa lake tumelishiriki. Sheria imwadhibuyo mtu kwa kukiri huwafundisha wengine kuficha. Makala yaliyotangazwa kwa uaminifu yapimwe kwa yaliyomo, kama makala mengine yote.

Tena wahariri wasitegemee vyombo vile visemavyo kwamba vyajua kuyatambua maandishi ya mashine. Kampuni ya OpenAI, yenye mashine mashuhuri kuliko zote, ilitengeneza chombo chake cha namna hiyo, ikakiondoa mnamo Julai 2023 kwa sababu hakikuwa sahihi vya kutosha. Mwaka huo huo wataalamu wa Chuo Kikuu cha Stanford walivijaribu vyombo saba vya namna hiyo kwa insha za Kiingereza zilizoandikwa na watu ambao Kiingereza si lugha ya mama yao. Kwa wastani, zaidi ya nusu ya insha hizo zilisingiziwa kuwa kazi ya mashine. Kila msomaji wetu aonaye mtoto wake akihangaika na Kiingereza cha shuleni ataelewa ni nani atakayeumizwa na hukumu ya namna hiyo. Dawa iliyo bora ni ya kale nayo haina gharama kubwa: mhariri ampigie mwandishi simu, amwulize habari ya kazi yake. Ajuaye atajibu, asiyejua atababaika.

Sasa tumjibu fundi wetu waziwazi. Ndiyo, ukinyamaza umekosa. Si kwa sababu umesaidiwa, bali kwa sababu umeulizwa na watu wanaokuamini, nawe ukawaficha. Ulidhani kwamba ukweli wa maneno watosha, na kumbe hata huo hukuwa umeuhakikisha. Mstari mmoja ulikuwa umepita mbele ya macho yako bila wewe kuuona. Kutangaza kwako si adhabu. Ni kumpa msomaji haki ya kukagua pale ambapo wewe mwenyewe ulihitaji kukagua tena.

Twafurahi kusema kwamba fundi ameufuta mstari ule, akaandika badala yake rangi za nyaya kama azijuavyo, kwa maneno yake. Ameongeza mstari mmoja wa kutangaza msaada alioupata, akalipeleka jina lake kwa mhariri wa jarida. Kama litapokelewa au la, hatujui. Lakini kijana wake wa sekondari, yule aliyemfundisha kuitumia mashine, alikuwa ameketi karibu wakati baba akisoma katika simu na kunyamaza katikati ya ukurasa wa pili. Wazazi, watoto wenu wataitumia mashine hii mpende msipende. Wajifunze kwenu desturi hii moja: kabla hujatia jina lako, soma tena yote, na lile usiloweza kulijibia, lifute.