JE, MACHO YAKO YANASEMA KWELI?

Kijana mwenzangu, umepokea kikaratasi hiki. Usikitupe kwanza. Kila tunapofanya mkutano wa Injili kuna neno tunaambiwa na vijana pale vijiweni: "Mhubiri, mimi naamini ninachokiona kwa macho yangu. Huyo Mungu sijamwona. Nionyeshe, nitaokoka leo leo."

Haya. Leo sitabishana na wewe juu ya Mungu. Nataka tuzungumze juu ya hayo macho.

Chukua njiti mbili za kiberiti zenye urefu sawa. Zilaze mezani, moja juu, moja chini. Vunja njiti nyingine upate vipande vidogo vinane. Kwenye kila ncha ya njiti ya juu weka vipande viwili vilivyorudi ndani, kama kichwa cha mshale. Kwenye kila ncha ya njiti ya chini weka viwili vilivyopanuka kwenda nje, kama herufi Y. Sasa tazama. Ipi ni ndefu? Utasema ya chini. Lakini si wewe mwenyewe umezipima zikawa sawa? Mwite rafiki yako naye atazame. Ataona kama wewe. Wakija kumi watapiga kura kwamba ya chini ni ndefu, na kura zao hazitairefusha hata kidogo!

Mjerumani mmoja, Franz Müller-Lyer, aliyaandika mambo haya mwaka 1889, na mpaka leo wataalamu wanabishana ni kwa nini hasa ubongo unakosea hapo. Lakini wanajua hivi: jicho lenyewe linapokea mwanga tu. Picha inatua kwenye ukuta wa nyuma wa jicho, tena imepinduka, kichwa chini miguu juu. Halafu habari zinapelekwa kwenye ubongo, na ubongo ndio unaoamua umeona nini. Ubongo umo gizani ndani ya fuvu, haujatoka nje hata siku moja. Unakisia. Mara nyingi unakisia vizuri sana, ndiyo maana unavuka barabara bila kugongwa na daladala, na hapo namshukuru Mungu aliyeuumba. Lakini kukisia ni kukisia.

Kuna kubwa kuliko hilo. Chora msalaba mdogo kwenye karatasi, na kulia kwake, kama sentimeta 8 hivi, weka nukta nyeusi. Funga jicho la kushoto. Kaza jicho la kulia kwenye msalaba tu (siyo ujanja wa mhubiri, hata wanasayansi hutumia alama hiyo). Shika karatasi mbali kwa urefu wa mkono, uisogeze usoni polepole. Ikifika kama sentimeta 30 hivi, nukta INAPOTEA. Edme Mariotte wa Ufaransa ndiye aliyeligundua jambo hili miaka ya 1660. Pale mshipa wa fahamu unapotokea nyuma ya jicho, hapapokei mwanga. Ni kama tundu. Kila jicho linalo lake. Umeishi nalo tangu kuzaliwa na hukulijua, kwa sababu ubongo unaliziba: unatazama rangi ya pembeni, unapaka hiyo hiyo. Karatasi ni nyeupe, basi unapaka nyeupe.

Hapo nataka ukae kidogo. Kipofu anayejua kwamba haoni atashika fimbo, au ataomba mkono. Lakini tundu hili halikuambii "hapa sioni." Linakuambia "hapa hakuna kitu."

Na moyo je? Yule kijana anayempiga mchumba wake hasemi "mimi ni mkatili." Anatazama pembeni, rafiki zake wote wanapiga, anapaka rangi ile ile, anaona pako sawa. Yule anayechota kidogo kidogo dukani kwa tajiri wake anasema kila mtu anachota. Lutu naye, ukisoma Mwanzo 13, aliinua macho akaona bonde la Yordani lina maji kila mahali. Na kweli maji yalikuwepo! Macho hayakumdanganya juu ya maji. Ila Sodoma ilikuwa kule kule, na alipofika kuiona kama ilivyo, alikuwa ameshajenga maisha yake ndani yake.

Sasa wewe ni mwerevu, utaniuliza: "Mhubiri, basi na wewe huenda unaona mazigazi tu, kama maji yale kwenye lami mchana wa jua." Swali zuri, tena ni la haki. Sikusema njiti za kiberiti zinathibitisha kuna Mungu. Hazithibitishi. Zinaonyesha kitu kimoja tu, kwamba "sijaona" siyo sawa na "hakipo." Na mimi macho yangu ni kama yako. Kwa hiyo usiniamini kwa sababu ya suti, wala kwa sababu ya spika kubwa, wala kwa sababu watu wameanguka pale mbele. Watu wa Beroya (Matendo 17:11) walimsikia Paulo mwenyewe, na bado kila siku walikwenda kuyachunguza Maandiko waone kama ndivyo, nao wakasifiwa. Jicho halipimwi kwa jicho lingine lenye ugonjwa ule ule. Linapimwa kwa rula. Sisi tunasema rula hiyo ni Neno la Mungu. Chukua Injili ya Marko, ni sura 16 tu, uyaweke maisha yako kando yake, upime mwenyewe.

Jambo la mwisho nawaambia hasa ninyi mlioinua mikono jana. Pima zile njiti kwa rula, halafu tazama tena. BADO ya chini ni ndefu! Kujua hakujaliponya jicho. Hata profesa anaona vile vile. Wapo wanaohubiri kwamba ukiokoka, hamu ya pombe inakufa usiku ule ule. Kwa wengine imekuwa hivyo, haleluya. Lakini wengi ikifika Jumanne wanapita karibu na baa, wanaona inang'aa vile vile, wanasema, "Kumbe sikuokoka." SIYO HIVYO, mpendwa. Fundi seremala hakati ubao pale jicho linapomwambia, anakata kwenye alama ya rula, hata kama jicho linapiga kelele.

Usiku wa leo baada ya mahubiri wahudumu watakuwa upande wa kulia wa jukwaa. Unayetaka kuombewa, njoo. Ambaye jana uliinua mkono na leo umeshaanguka, njoo tena, hakuna atakayekucheka. Na wewe unayetaka kubishana tu, njoo pia. Mabenchi yapo.