Wimbo wa Wote, Deni la Nani?

Jumamosi huwa naimba harusini hapa Buyenzi, na karibu kila harusi huomba "Malaika". Nalipwa kwa kuuimba. Swali langu ni hili: je, nina deni kwa aliyeutunga?

Kwanza, ni nani huyo? Fadhili William wa Kenya aliurekodi mwaka 1960, na hadi alipofariki mwaka 2001 wengi walimjua yeye kuwa ndiye mtunzi. Mwanamuziki mwingine, Adam Salim, alidai kwamba aliutunga yeye miaka mingi kabla, kwa uchungu wa msichana aliyemkosa. Miriam Makeba na Harry Belafonte waliuimba Marekani, Boney M wakauimba Ulaya.

Rafiki yangu husema wimbo mkubwa ni mali ya wote. Nililikubali jibu hilo kwa muda, kwa kuwa lilinifaa. Lakini neno "wote" hutamkwa na wanaopokea, si na anayedai. Tena wimbo wenyewe ni kilio cha kijana aliyekosa mali ya kuoa. Kuchuma mali kwa kilio hicho bila kujali kilikuwa cha nani ni kumfukarisha mara ya pili.

Kesi yao siwezi kuiamua. Heshima naweza kuitoa. Siku hizi, kabla ya kuimba, hutaja majina yote mawili. Mara ya kwanza mzee mmoja alicheka: "Mwanangu, imba tu!"

Nikaimba. Lakini nilikuwa nimekwisha kuyataja.