Fundi na Mashine ya Kamari

Ndugu zetu wasomaji, alitujia kijana mmoja katika wanafunzi wa darasa letu, ambaye kazi yake ni ufundi wa redio na televisheni. Alitueleza ya kwamba mwenye duka amemletea mashine ya kamari, ile itiwayo sarafu. Kila iwashwapo huzimika na kuwaka tena kabla haijafika pahali pa kuchezwa. Mwenyewe ametanguliza nusu ya malipo. Kijana akatuuliza: "Sheikh, mimi sichezi kamari. Nikiitengeneza nikalipwa, nina dhambi?"

Hatukupenda kumjibu kabla ya kuifahamu kazi yenyewe, kwani ahukumuye jambo asilolijua hubahatisha, na kubahatisha ndiyo kamari yenyewe. Tukamtaka atueleze maradhi ya mashine hiyo.

Akasema: Mashine za siku hizi ndani yake ni kompyuta. Ziwashwapo hujikagua kwanza, kumbukumbu zake na pahali pa kupokelea sarafu. Mna pia saa ya ulinzi. Ubongo wa mashine usipoipa ishara kwa wakati wake, saa hiyo huurudisha mwanzo. Basi mashine ijirudiayo hivi aghalabu ina moja katika mambo matatu. Huenda kapasita za kisanduku cha umeme zimezeeka na kuvimba, na taa zote zianzapo kuvuta umeme, volti hushuka na ubongo ukakatika. Au betri ihifadhiyo kumbukumbu imekufa, pengine imevuja na kuila bodi. Au viungo vya waya vimeshika kutu. Fundi hupima umeme wakati mashine yaamka, kisha hutenga kifaa kimoja kimoja mpaka akione kilichoharibika.

Maneno haya yalitupendeza. Elimu hii ni njema, na ndiyo hiyo hiyo itengenezayo redio ya nyumbani na mashine ya hospitali. Hakuna kapasita ya haramu. Shida basi iko wapi?

Iko katika kujua. Wanavyuoni wa madhehebu yetu ya Shafi, walipozungumza juu ya kumuuzia zabibu mtu afanyaye mvinyo, walipambanua: ukijua kwa yakini atafanyia mvinyo, ni haramu, ukishuku tu, ni makuruhu. Imamu Abu Hanifa aliruhusu kumuuzia maji ya zabibu, kwa hoja kwamba maasi hayamo katika maji yale, bali huja yakisha kugeuzwa. Sasa na tuitazame mashine hii. Zabibu zaweza kuliwa, lakini mashine hii haina kazi ya pili. Wala haingoji kugeuzwa: itokapo mkononi mwa fundi asubuhi, jioni yapokea sarafu. Hata hoja ya yule aliyeruhusu haimfai fundi huyu. Mwenyezi Mungu ameiharamisha kamari katika Surat al-Maida, aya ya 90, na katika aya ya 2 ya sura hiyo hiyo amekataza kusaidiana katika dhambi. Na Mtume (S.A.W.) katika jambo la ulevi hakumtaja mnywaji peke yake, bali na mkamuaji na mchukuzi pia.

Kijana akasema: "Nisipoitengeneza mimi, ataitengeneza mwingine." Tukamwambia: Yawezekana. Lakini hesabu ya huyo mwingine haimo katika daftari lako. Akasema: "Serikali huzipa leseni." Ni kweli, nchi yetu imekuwa na sheria ya kamari tangu mwaka 1966. Lakini leseni humwondolea mtu kesi ya mahakamani. Haimrudishii maskini fedha ya unga aliyoitia katika tundu la sarafu. Na mashine hiyo imepangwa kwa hesabu, hata ikiwapa wachezaji leo na kesho, mwisho wake faida ni ya mwenyewe.

Hapo kijana akanyamaza, kisha akasema neno lililotuchoma: "Sheikh, kipaza sauti cha msikiti nilikitengeneza mimi, nikaambiwa Mungu atanilipa. Huyu wa kamari amenilipa hata kabla sijafungua kifuniko."

Enyi ndugu zetu, neno hili tulijibuje? Dua ni kheri, lakini haikuwa ujira tuliopatana naye. Twajua sote ya kwamba Mtume (S.A.W.) ametuamrisha kumpa mfanyakazi ujira wake kabla jasho lake halijakauka. Sisi tuliacha jasho la fundi huyu likauke, kisha tukasimama kumkataza riziki aliyoipata kwingine. Anayeufunga mlango wa haramu na asifungue wa halali amefanya nusu ya kazi, tena ile nyepesi.

Tulimwambia airudishe mashine kama alivyoipokea, asiivunje wala asimdanganye mwenyewe juu ya ubovu wake, kwani ni amana mkononi mwake. Na ile nusu ya malipo airudishe. Kisha tukachanga, tukamlipa ujira wa kipaza sauti. Haikuwa sadaka, ilikuwa deni. Na kila msomaji atazame nyumbani kwake na msikitini kwake: ni fundi gani anayetudai?

Wallahu aalam.