Dharura na Dhima: Nani Abebe Gharama ya Nishati Safi?

Miongoni mwa maswali yanayoikabili karne hii, lipo moja ambalo kwa nje ni la wahandisi na wachumi, lakini kiini chake ni cha dini na falsafa: je, jambo lililo la lazima kwa uhai wa wengi linaweza kuruhusu madhara kwa wachache, na ruhusa hiyo ikishapatikana, haki za waliodhurika huishia wapi? Swali hili limeletwa upya na mageuzi ya nishati, yaani hatua ya kuacha makaa ya mawe, petroli na dizeli na kushika umeme unaotokana na jua, upepo, maji na joto la ardhini, pamoja na magari yanayoendeshwa kwa umeme huo. Mageuzi haya yanafunga migodi iliyolisha vizazi, yanapunguza kazi katika viwanda vya injini, na yanachimbua ardhi ya watu ambao hawajawahi kupanda gari la umeme. Hoja inayotetewa hapa ni kwamba mageuzi yenyewe ni wajibu, ila uzito wa wajibu huo haufuti haki ya yeyote anayeumia njiani. Haki hiyo hugeuka deni, na deni hulipwa na aliyenufaika.

Ulazima wa mageuzi hauna budi kukubaliwa kwanza, kwa kuwa bila huo mjadala wote hauna msingi. Katika Mkataba wa Paris wa mwaka 2015, mataifa yaliafikiana kuzuia ongezeko la joto la dunia lisifikie nyuzi 2 za Selsiasi na kujitahidi lisizidi 1.5, kwa sababu hewa ya ukaa itokayo kwenye mitambo na vyombo vya usafiri huzuia joto lisitoke angani na hivyo kuvuruga mvua, mavuno na kina cha bahari. Afrika, ambayo sehemu yake katika utoaji wa gesi hizo ni ndogo mno, ni miongoni mwa maeneo yanayoumia zaidi kwa ukame na mafuriko. Kuendelea na mafuta, kwa hiyo, si kubaki mahali pasipo na dhambi. Ni kuendelea kumdhuru asiyehusika.

Mwitikio wa viwanda umekuwa mkubwa. Mwaka 2024 magari ya umeme yaliyouzwa duniani, pamoja na yale yanayochanganya betri ya kuchajiwa na injini, yalizidi milioni 17, yaani zaidi ya gari moja katika kila magari mapya matano. Injini ya mwako wa ndani, ile inayochoma mafuta ndani ya silinda ili kuzungusha magurudumu, huhitaji pistoni, valvu, plagi, mfumo wa ekzosi na giaboksi yenye gia nyingi, ilhali mota ya umeme haihitaji sehemu kubwa ya vitu hivyo. Na kila kipuri kinachoachwa kilikuwa na kiwanda chake, fundi wake na duka lake. Kiwanda cha Volkswagen cha Zwickau, katika jimbo la Saxony nchini Ujerumani, kilitengeneza gari lake la mwisho la injini mwezi Juni 2020 na tangu hapo kikageuzwa chote kuwa cha magari ya umeme. Badiliko la namna hii haliishii kwenye mitambo, bali hugusa ujuzi ambao mtu ameujenga kwa miaka thelathini na heshima anayopewa kwa ajili ya ujuzi huo.

Wanazuoni wa fikihi, yaani elimu ya sheria ya Kiislamu, walikwisha kulichambua tatizo la madhara yanayogongana kwa uangalifu ambao haujapoteza nguvu. Majalla, mkusanyo wa sheria uliotungwa katika Dola ya Uthmaniya kati ya mwaka 1869 na 1876, unazo kaida kadhaa, na kaida ni kanuni fupi ambayo hukumu nyingi hujengwa juu yake. Kaida mojawapo inakataza kuondoa madhara kwa madhara yaliyo sawa nayo. Ya pili inaruhusu madhara mahususi, yanayompata mtu au kundi, yavumiliwe ili kuzuia madhara ya umma. Na ya tatu inataka madhara makubwa yaondolewe kwa yaliyo mepesi zaidi. Kwa kaida hizi tatu, mgodi wa makaa ya mawe unaweza kufungwa na kiwanda cha injini kinaweza kubadilishwa, kwa kuwa kuharibika kwa tabianchi ni madhara ya umma na kupotea kwa ajira za sekta moja ni madhara mahususi. Kwa kaida hizo hizo, hata hivyo, haifai kuusafisha mji mmoja kwa kuuchafua mwingine kwa kiasi kile kile, maana hapo madhara hayajaondolewa bali yamehamishwa.

Watetezi wengi wa nishati safi huishia hapo, wakiamini kwamba ruhusa ikithibitika basi kesi imekwisha. Fikihi haiishii hapo. Ipo kaida nyingine inayosema kwamba dharura haibatilishi haki ya mwenzio. Mfano unaotolewa na wanazuoni ni wa mtu aliyezidiwa na njaa jangwani akakuta chakula cha mwingine ambaye hayupo: anaruhusiwa kula ili asife, na hana dhambi kwa kula, lakini anabaki na dhima, yaani jukumu la kulipa thamani ya alichokula. Madhehebu ya Shafi, yanayofuatwa na Waislamu wengi wa pwani ya Afrika Mashariki, yanashikilia msimamo huo. Uzito wa fundisho hili uko katika kutenganisha mambo mawili ambayo watu huyachanganya: uhalali wa kitendo na malipo ya kitendo. Kitendo kinaweza kuwa halali kabisa na bado kikaacha deni shingoni mwa mtendaji.

Upande wa Ukristo, Thomas Aquinas, mwanateolojia wa karne ya 13, anaonekana mwanzoni kuwa na jibu tofauti. Yeye alifundisha kwamba katika uhitaji mkubwa na wa dhahiri, mtu akichukua mali ya mwingine ili kuokoa maisha hafanyi wizi, kwa sababu matumizi ya vitu vya dunia yalikusudiwa kwa wote kabla ya kugawanywa. Mtu anaweza kudhani kwamba fundisho hili linamwondolea mnufaika wa mageuzi kila deni. Lakini msingi wa fundisho hilo ni kwamba ziada ya tajiri ni haki ya maskini. Haki hiyo hutoka kwa aliyeshiba kwenda kwa mwenye njaa, wala haiwezi kugeuzwa ili aliyeshiba achukue cha mwenye njaa kwa jina la dharura. Hivyo mapokeo mawili yanayopitia njia tofauti yanakutana mahali pamoja: dharura ya dunia haimpi mwenye nguvu hati ya kumtumia mnyonge bila malipo.

Historia ya karibuni inaonyesha kwamba deni la namna hii linaweza kulipwa, na kwamba lisipolipwa huzaa madhara mengine. Nchini Ujerumani, uamuzi wa kukomesha uchimbaji wa makaa magumu uliokuwa ukigharimiwa na ruzuku ya serikali ulifikiwa mwaka 2007, na mgodi wa mwisho, Prosper-Haniel wa Bottrop, ukafungwa mwezi Desemba 2018. Katika miaka hiyo kumi na moja wachimbaji walistaafishwa mapema kwa malipo, wakahamishiwa kazi nyingine au wakafundishwa ujuzi mpya. Kwa maeneo ya makaa laini, nchi hiyo ilipanga hadi euro bilioni 40 za kujenga uchumi mbadala kabla ya ukomo wa mwaka 2038. Mpango huo una kasoro na wakosoaji, lakini unakiri jambo la msingi kimaadili: mchimbaji aliyewasha taa za nchi kwa miaka mingi hakuwa mkosaji, na hawezi kuachwa peke yake alipe gharama ya uamuzi wa wote.

Katanga, kusini mashariki mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, ambako Kiswahili ni lugha ya soko na ya nyumbani, mambo yalikwenda kinyume. Gécamines, shirika la umma lililorithi migodi ya kampuni ya kikoloni ya Union Minière katika miaka ya 1960, liliporomoka mwanzoni mwa miaka ya 1990 baada ya kuendesha si migodi tu bali pia shule na hospitali. Katika mpango wa mwaka 2003 uliogharimiwa kwa msaada wa Benki ya Dunia, wafanyakazi wapatao 10,000 waliondolewa kwa kiinua mgongo, na wengi walikiona kuwa kidogo mno kikilinganishwa na mishahara waliyokuwa wakidai. Familia zilizokosa mshahara ziliingia kuchimba kwa mikono katika ardhi ambayo ziliijua vizuri, na betri za lithiamu zilipoanza kuhitaji kobalti kwa wingi, mikono hiyo ndiyo iliyokuwa karibu. Wachimbaji wa Kolwezi, mji wa Katanga, kwa hiyo, si watu waliozaliwa kwa ajili ya mashimo. Wengi wao ni warithi wa kiwanda kilichoanguka bila yeyote kulipa dhima yake.

Kongo hutoa takriban asilimia 70 ya kobalti ya dunia, na sehemu kubwa hutoka migodi mikubwa yenye mitambo, huku sehemu nyingine ikitoka kwa wachimbaji hao wa mikono. Katika mtaa wa Kasulo mjini Kolwezi, madini yalipogunduliwa mwaka 2014, watu walichimba chini ya sakafu za nyumba zao. UNICEF ilikadiria mwaka huo kwamba watoto wapatao 40,000 walikuwa wakifanya kazi migodini kusini mwa nchi. Mwezi Juni 2019 zaidi ya wachimbaji 40 walifukiwa na udongo karibu na Kolwezi. Mtu hawezi kuyatazama haya kisha akasema kwamba ni madhara mepesi yanayovumiliwa ili kuzuia makubwa, kwa maana kaida ya wepesi hutumika pale ambapo madhara hayaepukiki. Ngazi imara, kuta zilizotegemezwa, bei ya haki na shule iliyo wazi kwa mtoto vinawezekana. Kuvikosa si matokeo ya sayansi ya betri bali ni uchaguzi wa watu.

Ni nani basi mwenye dhima? Majalla inajibu kwa kaida nyingine: gharama hufuata faida. Anayepata manufaa ya kitu ndiye anayebeba mzigo wake, na katika mnyororo wa betri wanufaika ni wengi: kampuni inayochimba, kiwanda kinachosafisha, mtengenezaji wa gari, mnunuzi anayeendesha bila moshi, na serikali inayokusanya mrabaha, ambao kwa kobalti ya Kongo ulipandishwa hadi asilimia 10 kufuatia sheria ya madini ya mwaka 2018. Kila mmoja ana sehemu yake, wala sehemu ya mmoja haifuti ya mwingine. Sheria ya betri ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2023 inatambua hilo kwa kuwataka watengenezaji wachunguze asili ya madini yao, lakini utekelezaji wa sharti hilo umesogezwa hadi mwaka 2027, na kila mwaka wa kuahirisha ni mwaka ambao mwenye kudai anaendelea kusubiri shimoni.

Pingamizi mbili zinastahili kujibiwa. Ya kwanza husema kwamba mafuta nayo yaliumiza watu, kama yalivyochafua ardhi na mito ya Waogoni katika delta ya Niger, hivyo si haki kuidai nishati mpya usafi ambao ya zamani haikudaiwa. Kulinganisha huko kunasaidia kuamua njia ipi ifuatwe, lakini hakusemi lolote kuhusu deni. Mdaiwa hapunguziwi deni kwa sababu jirani yake anadaiwa zaidi. Ya pili husema kwamba teknolojia italimaliza tatizo, kwa kuwa betri za chuma na fosfati hazitumii kobalti kabisa na soko la betri hizo linakua haraka. Ni kweli, na ni habari njema kwa mapafu ya mchimbaji. Lakini kuacha kununua si kulipa. Mnunuzi akiondoka Kolwezi akiwa na dhamiri safi na kuwaacha watu na mashimo matupu na mito michafu, atakuwa amerudia kosa lile lile la wakati wa kuporomoka kwa Gécamines.

Mafundisho haya yanaihusu Afrika Mashariki moja kwa moja, maana mageuzi yamekwisha kuingia. Kenya hupata takriban sehemu tisa katika kumi za umeme wake kwenye vyanzo jadidifu, hasa mvuke wa joto la ardhini wa Olkaria. Bodaboda za umeme zinabadilishiwa betri vituoni Kigali na Nairobi. Ethiopia ilizuia mwaka 2024 kuingizwa kwa magari binafsi ya petroli na dizeli. Na Tanzania ina nikeli ya Kabanga wilayani Ngara na grafiti ya Mahenge, madini yanayotakiwa kwa betri. Wakulima wanaopisha migodi hiyo wanastahili fidia kamili kabla ya kuhama. Fundi wa gereji na muuza vipuri wanastahili kufundishwa mota na betri kabla kazi yao haijakauka, na tozo ya barabara inayokatwa kwenye lita ya mafuta itahitaji mbadala ambao hautamwachia mwenye pikipiki kuukuu ya petroli mzigo ambao mwenye gari jipya la umeme ameukwepa.

Mageuzi ya nishati ni ya lazima na hayapaswi kucheleweshwa. Lakini hukumu ya dini na ya akili ni moja: aliyeokoka kwa chakula cha mwenzake ana wajibu wa kukilipa, na malipo hayo si sadaka wala hisani ya kampuni wala msaada wa wahisani, bali ni haki ya mwenye chakula. Watunga sera, wanunuzi na viongozi wa dini wanaohubiri utunzaji wa uumbaji wanapaswa kuihesabu gharama hiyo ndani ya bei ya kila betri, na kuilipa wakati wenye kuidai wangali hai.