WAKATA KUNI NA WATEKA MAJI
Fundisho la Shemasi. Masomo: Yoshua 9:22-27, Maombolezo 5:4, Nehemia 3:7



Tufungue Yoshua sura ya 9. Wagibeoni walimdanganya Yoshua, wakavaa nguo kuukuu na kujifanya watu wa mbali. Uongo wao ulipojulikana hawakuuawa kwa upanga. Walihukumiwa, wao na wana wao, kukata kuni na kuteka maji. Sasa tujiulize, wapendwa: ile iliyokuwa laana ya watu waliosema uongo, hapa Kibumba ndiyo kazi ya kila siku ya mama zetu na binti zetu. Wao walimdanganya nani?

Udongo wetu Mungu ameubariki. Kabichi, viazi na karoti zetu zinalisha Goma. Lakini mto hatuna. Mvua ikinyesha inazama kati ya mawe ya volkano, nasi tunabaki na bidoni mgongoni. Mwaka 1994, wakimbizi kama laki mbili walipojaa hapa, maji yaliletwa kwa malori kutoka mbali, na kipindupindu kikaua watu kwa maelfu katika kambi za Goma. Nilikuwa mtoto. Niliona miti ikiisha siku kwa siku, kutoka barabarani mpaka ndani ya Parki ya Virunga. Kambi ilivunjika Oktoba 1996, lakini shoka halikupumzika. Goma iliendelea kukua, na Goma inapika kwa makala. Tanuru la udongo linakula kilo saba, hata kumi za kuni, ili litoe kilo moja ya makala.

Hapa lazima niungame mbele yenu. Mwaka mmoja tulikuwa na sikukuu kanisani, na sufuria kubwa zilihitaji kuni. Mimi shemasi nilimtuma dada yangu mdogo. Aliingia msituni asubuhi, akarudi kesho yake bila mzigo na bila viatu. Hakusema neno, nasi hatukumuuliza. Tuliimba, tukala, tukashiba. Mpaka leo moshi wa jiko la kanisa ukinifika machoni, ninamkumbuka, na si moshi peke yake unaotoa machozi. Maombolezo 5:4 inalia juu ya watu wanaonunua maji yao wenyewe na kuuziwa kuni zao wenyewe. Sisi tumelipa kuliko franka.

Lakini Mungu hakutuacha bila njia. Mito inayoteremka upande wa Rutshuru ina nguvu. Desemba 2015 kilifunguliwa kiwanda cha umeme cha Matebe, chenye megawati karibu 13, na nyaya zake zikafika Goma. Kabla yake, kule Mutwanga, chini ya Ruwenzori, umeme wa maji ulianza mwaka 2013, na kiwanda cha sabuni kikaja nyuma yake. Maji yanapita katika mashine, yanaizungusha, kisha yanaendelea na safari yao mzima mzima. Hakuna mti uliokufa. Mvua ya mwaka ujao itayaleta tena. Je, hii si kama lile pipa la unga la mjane wa Sarepta, lisilokwisha?

Tufikiri pamoja umeme huo ukiwa mwingi na wa bei ndogo, mpaka kwa mjane. Ziwa Kivu liko chini yetu kwa zaidi ya metre 300. Kupandisha maji mapipa matano makubwa, yaani litre 1,000, kunataka umeme kama kilowati-saa mbili tu. Maana yake bei ya umeme ndiyo bei ya maji. Umeme ukishuka, bidoni inashuka kutoka mgongo wa mama. Mama anayezaa usiku materinite hatashikiwa tochi. Dawa ya chanjo italala katika baridi. Viazi vyetu havitaoza vikingoja lori. Kijana atachomelea vyuma na kusaga unga, hatashikwa na anayemwita kubeba bunduki. Na msichana atashika kitabu saa ile ambayo dada yangu alishika kamba ya kuni.

Lakini nisiwadanganye kama Mgibeoni. Waya ikipita juu ya paa la mtu maskini, nyumba yake inaweza kubaki gizani. Kama kuingiza umeme kunashinda mfuko wake, na kupika kwa umeme kunashinda makala kwa bei, makala itashinda, na msitu utakufa mbele ya taa. Tena waya haina nguvu mbele ya bomu. Januari 2025, vita ilipofika Goma, mji ulikosa umeme na maji pamoja. Mto haukukauka. Waliokauka ni sisi, mioyo yetu. Basi anayeomba umeme aombe amani na haki pia, kwa sababu ndugu hao watatu wanatembea pamoja.

Sisi tufanye nini tukingoja? Kwanza, sufuria za kanisa zisimtume tena binti yeyote wa mtu msituni. Tupande miti yetu ya kuni katika shamba la kanisa, na baba ndio wabebe. Pili, tuweke matangi chini ya paa la kanisa, mvua isipotee. Tatu, kila familia itoe kidogo katika sanduku moja, ili siku umeme ukifika, wajane waingizwe wa kwanza. Nne, asiibe mtu waya, asinunue mtu waya ya wizi.

Mwisho, someni Nehemia 3:7. Miaka mingi baada ya ile laana, ukuta wa Yerusalemu ulipojengwa upya, Melatia Mgibeoni alikuwa pale akijenga pamoja na wengine. Mtoto wa wakata kuni amekuwa mjenzi wa mji! Bwana aliyemwinua huyo hajachoka. Ninamwomba anipe kuona siku moja binti wa Kibumba akirudi nyumbani jioni mikono mitupu, mgongo umenyooka, na taa imewashwa ikimngoja.

Dada yangu, nisamehe. Kanisa, tuamke.

Amina.