Kusalimisha Bunduki: Woga, Utiifu au Amana?



Ndugu zangu katika imani, kuna suala ambalo hurudi kila mara katika mazungumzo yetu baada ya Isha, hasa kwa sisi tunaotoka Arua, Koboko na Yumbe. Je, Muislamu analazimika mbele ya Mwenyezi Mungu kuisalimisha bunduki pale serikali inapomkataza kuwa nayo? Koboko imepakana na Kongo na Sudan Kusini, na bunduki za kivita zimevuka mipaka hiyo kwa miaka mingi: zinazotoa risasi moja kila unapovuta kifyatulio, na zinazomimina mfululizo. Sheria ya Silaha ya Uganda ya mwaka 1970 haimruhusu mtu kumiliki bunduki bila cheti, na silaha za kijeshi raia hana haki nazo kabisa.

Tuanze na hoja ya anayekataa, kwa sababu si hoja ya mjinga. Baada ya Idi Amin kuangushwa Aprili 1979, na hasa baada ya askari wake wa zamani kushambulia kutoka ng'ambo ya mpaka Oktoba 1980, jeshi la serikali lililipiza kisasi kwa wananchi wa West Nile. Vijiji vilichomwa, na watu wetu wakakimbilia Zaire na Sudan. Juni 1981, raia waliokuwa wamejihifadhi katika misheni ya Kikatoliki ya Ombaci, karibu na mji wa Arua, waliuawa na askari wa serikali hiyo hiyo iliyopaswa kuwalinda. Mzee aliyeyaona hayo akikuambia kwamba bunduki yake ndiyo bima yake, usimcheke. Dalili pia anazo. Atakutajia Surat al-Anfal, aya ya 60, inayoamrisha kuandaa nguvu. Atakutajia hadithi kwamba anayeuawa akilinda mali yake ni shahidi.

Dalili hizo ni za kweli. Lakini aya ya 61 inafuata papo hapo: upande wa pili ukielekea kwenye amani, nawe uelekee huko. Na Mtume (s.a.w.), katika hadithi iliyopokewa na Bukhari na Muslim, alimwagiza anayepita msikitini au sokoni na mishale aishike upande wa ncha, asije akamjeruhi Muislamu. Tuizingatie hadithi hii. Mshale ulikuwa halali na mwenyewe hakuwa na nia mbaya, na bado aliwekewa sharti kwa ajili ya usalama wa wapita njia. Basi kuwekea silaha mipaka si jambo geni katika dini yetu. Ikiwa mshale una adabu yake sokoni, bunduki inayoweza kuua watu kadhaa kwa dakika moja ina adabu kubwa zaidi.

Tena tuitazame hiyo bima ilivyofanya kazi. Katika miaka ya 1990, kundi la West Nile Bank Front lake Juma Oris liliingia vitani, na barabara zetu zikategwa mabomu. Waliokatika miguu wengi walikuwa wakulima na wachuuzi, watu wetu wenyewe. Bunduki iliyofichwa ndani ya nyumba moja humfanya jirani atafute yake, na humpa askari sababu ya kupekua kijiji kizima. Mwenye nayo anadhani anajilinda, kumbe hatari anawabebesha wasioulizwa.

Wapo wanaojibu suala hili kwa haraka kwa aya ya 59 ya Surat an-Nisaa, kwamba watiini wenye mamlaka, yakaisha. Mimi naona jibu hilo halimtoshi yatima wa Ombaci. Jibu lenye nguvu zaidi liko katika aya ya kwanza ya Surat al-Maida: kutimiza mikataba. Sheria ya Msamaha ya mwaka 2000 ilimpa mpiganaji msamaha kwa sharti la kuacha vita na kukabidhi silaha. Tarehe 24 Desemba 2002, pale Yumbe, UNRF II na serikali walitia saini makubaliano ya amani. Tunaishi na kusoma ndani ya ahadi ile. Pale Hudaybiya, Abu Jandal alikuja na minyororo akiomba hifadhi, na Mtume (s.a.w.) akamrudisha kwa uchungu kwa sababu neno lilikuwa limeshatolewa. Hakuwaamini Makuraishi; alitimiza ahadi.

Hapo ndipo penye kiini cha jambo. Kusalimisha bunduki si kutoa ushahidi kwamba serikali ni njema. Ni kutimiza amana kwa jirani. Na mkataba hufunga pande mbili: anayechukua bunduki yako anadaiwa ulinzi na uadilifu. Tarehe 31 Januari 2025 Mahakama ya Juu ya Uganda iliamua kwamba kuwashtaki raia katika mahakama za kijeshi ni kinyume cha Katiba, na mwaka huo huo Bunge likapitisha sheria ya kuzirudishia mamlaka hayo katika baadhi ya makosa. Muislamu anaweza kusema kwa kinywa kimoja: bunduki isalimishwe, na aliyekutwa nayo ahukumiwe na mahakama ya kiraia. Hakuna mgongano. Serikali ikivunja ahadi, tunadai kwa sauti, kwa kalamu na kwa mawakili.

Atauliza mtu: na wauaji wakija usiku, askari hayupo? Fiqhi inatambua dharura, lakini dharura hupimwa kwa kiasi chake. Dharura ni saa ile ya hatari. Haiwi kibali cha kuficha bunduki kwenye paa kwa miaka arobaini.

Likizo hii, ukijua kwamba nyumbani kuna silaha, usimkaripie mzee. Kaa naye, muulize anaogopa nini, umsikilize mpaka mwisho. Kisha nendeni pamoja, mkiwa na sheikh na mwenyekiti wa LC1, asiende peke yake. Woga wake una historia, nasi vijana hatuna budi kuubeba pamoja naye.

Wallahu aalam.